Jinsi ya kuiona asteroidi Iris kwa darubini ya macho mawili

Iris ni asteroidi, yaani gimba dogo la angani linalozunguka Jua; ni ya mawe, yenye upana wa kilomita 200 hivi, katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwanaastronomia John Russell Hind aliigundua London tarehe 13 Agosti 1847. Asteroidi nyingine, Hygiea, ni pana kuliko Iris zaidi ya mara mbili, ila uso wake ni mweusi kama makaa. Iris huakisi zaidi ya robo ya mwanga unaoipiga, ndiyo maana darubini ndogo inaitosha.

1. Chagua msimu. Iris hung'aa zaidi Dunia inapopita kati yake na Jua, kila baada ya miezi 16 na nusu hivi. Misimu hailingani, kwa kuwa njia yake si duara kamili. Oktoba 2017 ilifikia mng'ao wa 6.9, kuna misimu hufifia kupita 9. Namba ikipanda, mwanga unashuka. Ikiwa chini ya 8, usiikose.

2. Andaa ramani. Stellarium, programu ya kompyuta inayochora ramani ya anga, ni ya bure. Sasisha kwanza data za njia za asteroidi, maana zikiwa za zamani alama itakaa pembeni ya mahali halisi. Ramani ionyeshe nyota hafifu hadi mng'ao wa 9.

3. Zoesha macho giza kwa dakika 20, simu ikiwa mfukoni.

4. Chora. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na wengi huiruka. Anzia kwenye nyota unayoijua, sogea nyota kwa nyota hadi eneo la Iris, kisha chora kila nukta unayoiona, hata zile ambazo hazimo kwenye ramani. Usitafute umbo la jiwe: Iris itaonekana nukta tupu, sawasawa na nyota. Ukikisia tu kwamba "ni ile pale", hujathibitisha kitu. Andika tarehe na saa. Egemeza viwiko ukutani ili picha isitetemeke.

5. Rudi baada ya siku mbili. Linganisha mchoro na anga. Nyota zote zitakuwa palepale. Nukta moja itakuwa imehama karibu nusu digrii, yaani upana wa Mwezi mpevu. Hiyo ndiyo Iris. Mawingu yakikuzuia, tunza mchoro: hata ukirudi siku ya nne bado unafaa, ila itafute umbali wa digrii nzima.