Udaktari wa jeshi na uhadhiri: njia ya kijana wa Lindi na Mtwara

Anza na hesabu ya miaka. Shahada ya udaktari wa binadamu ni miaka 5, mafunzo kwa vitendo hospitalini mwaka 1, ubingwa miaka 3 kwa fani nyingi. Hiyo ni 9, na kozi ya uofisa bado hujaigusa.

Kinachokwamisha wengi ni fizikia. Kwa mwombaji wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), sharti ni jumla ya pointi 6 na angalau D kwa kila somo. Mwenye A ya biolojia (5), A ya kemia (5) na E ya fizikia (1) ana pointi 11, na bado hapokelewi. Saa za ziada unazozimwaga kwenye biolojia kwa kuwa unaipenda, zihamishie huko.

La pili ni majina, na huku kusini hili ni donda. Cheti cha kuzaliwa kinasoma "Mohamed", cha kidato cha nne "Mohamedi", kitambulisho cha NIDA "Muhamedi". Linganisha herufi kwa herufi shule inaposajili watahiniwa wa kidato cha nne. Wakati huo kusahihisha ni kazi ndogo. Cheti kikishatoka, utaanza safari za RITA (wakala wa vyeti vya kuzaliwa), wakili na viapo, huku dirisha la kuomba mkopo wa chuo likifungwa.

JKT baada ya kidato cha sita usiikwepe (Nachingwea ipo kambi, kikosi cha 843 KJ). Tunza cheti chake. Tangazo la JWTZ lisome lenyewe, si la kutumiwa na jirani, maana ukomo wa umri hutegemea elimu. Usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika uwe mkononi kabla ya kuomba. Anayetaka hela ili akupatie nafasi ni tapeli, hata akija na kombati.

Kamisheni, yaani cheo cha uofisa, hupatikana chuo cha maofisa cha Monduli. Kuanzia hapo una ngazi mbili zisizosubiriana: luteni, kapteni, meja upande mmoja, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa upande wa pili. Nyota za begani hazihesabiwi chuoni. Huko wanahesabu machapisho, na bila hayo hata ukuu wa idara utausikia kwa wenzako. Kufundisha unaweza kuanzia chuo cha tiba cha jeshi, Lugalo.

Uhamisho wa kijeshi ndio huua tasnifu, andiko la utafiti wa shahada. Chagua mada ambayo data zake zinakusanyika hospitali moja kwa miezi michache, na upate vibali viwili vya maandishi, cha kamati ya maadili na cha jeshi, kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Ukipelekwa operesheni, kila majeruhi apewe mstari mmoja kwenye daftari, kwa namba, si jina: saa aliyoumia, saa aliyofungwa mkanda wa kuzuia damu, saa aliyomfikia daktari wa upasuaji. Mkanda ukikaa umefungwa kwa muda unaozidi saa 2, misuli huanza kuharibika. Saa ya kuufunga isipoandikwa, daktari wa upasuaji anabaki kukisia, na mstari huo utafiti hauutaki.