Supu ya mifupa inayoganda: kuipika na kuipooza kwenye joto la Lindi na Mtwara

Supu ya mifupa iliyopikwa sawasawa hujulikana ikishapoa. Inaganda, ukitikisa bakuli inatetema, na juu yake mafuta yametanda utando unaobanduka mzima. Isipoganda, ina ladha ya nyama lakini haina uzito wake. Kinachoigandisha ni jelatini, inayotokana na kolajeni iliyomo kwenye gegedu, kano na ngozi inapoyeyuka polepole kwenye maji ya moto. Mfupa mkavu mweupe hutoa kidogo sana cha kitu hicho, na moto mkali hauharakishi kazi. Basi mambo mawili ndiyo yanayoamua: mifupa uliyochagua na jinsi unavyotunza moto. Kwa huku kwetu kusini, ambako joto la mchana hufika nyuzi 30 na unyevu haupungui, lipo la tatu: kuipooza. Hilo ndilo linaloharibu supu nyingi nzuri.

Kununua mifupa

Nenda buchani mapema, saa 1 asubuhi, kabla wauza supu hawajachukua makongoro yote. Mwombe muuza bucha akukatie goti, vifundo na shingo, na mkia ukipatikana usiuache. Mifupa mirefu ya paja ina uboho, nayo inaleta mafuta na utamu, lakini haigandishi supu. Wengi hununua mifupa ya uboho peke yake, kisha wanashangaa supu imebaki maji. Mwenye kazi hapa ni kongoro.

Kwa sufuria ya lita 8 chukua kongoro 1 lililopasuliwa kwa urefu, kilo 1 ya magoti na vifundo, nusu kilo ya mifupa yenye nyama kidogo (shingo, mbavu au mkia) na, ukipenda, nusu kilo ya mifupa ya uboho. Maji ni lita 4 hadi 5. Mwisho utapata supu ya lita 2.5 hadi 3.

Angalia mhuri wa mkaguzi wa nyama. Mfupa mzuri una damu nyekundu iliyotulia na hauna harufu, na uboho wake ni wa waridi au wa rangi ya maziwa, si wa kijivu. Nyamafu usiiguse hata ukipewa bure. Kwa Waislamu ni haramu, na kiafya ni hatari kwa kila mtu: mbegu za kimeta zinaweza kustahimili mchemko wa kawaida, na hatari huanza pale unapochuna na kukata, kabla hata hujabandika sufuria.

Omba mifupa ikatwe kwa msumeno kama upo. Shoka linapasua mfupa ukawa na vichembe vikali vinavyozama chini ya sufuria, na kimoja tu kikipita kwenye chujio kinaweza kumuumiza mtoto koo. Ikikatwa kwa shoka, ioshe kwenye maji mengi mara tatu huku ukiipapasa kila kipande.

Kutayarisha kongoro

Hapa usifanye haraka, maana harufu mbaya ya supu nyingi inaanzia hapa. Babua kongoro juu ya mkaa au kuni mpaka manyoya yaishe na ngozi iwe ya dhahabu. Usitumie plastiki wala matairi kuchochea moto. Moshi wake unaingia kwenye ngozi na hauoshwi ukatoka. Kwangua kwa kisu upande wa makali, kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5 hadi 10. Kwato italegea. Pachika ncha ya kisu kigumu pembeni, ipindue itoke. Sugua katikati ya vidole kwa brashi, ndimu na chumvi, suuza, halafu lipasue. Makongoro yanayouzwa yakiwa yamesafishwa nayo yakague, hasa katikati ya vidole.

Sasa weka mifupa yote na kongoro kwenye sufuria, mimina maji baridi mpaka yafunike, chemsha kwa nguvu dakika 10, kisha mwaga maji yote. Utaona povu la kijivu na vipande vya damu iliyoganda. Osha mifupa na sufuria yenyewe. Kuna watu wanaona huku ni kumwaga utamu. Kwa dakika 10 kinachotoka ni damu na uchafu. Jelatini bado haijaanza kutoka kwa maana yoyote.

Anayetaka supu ya rangi ya kahawia na ladha nzito aichome mifupa yenye nyama juu ya mkaa kwa dakika 20, akigeuzageuza, mpaka iive rangi bila kuungua. Pale penye weusi pakwangue, la sivyo supu itakuwa chungu. Kongoro lisichomwe tena.

Sufuria na moto

Sufuria ya chuma kisichoshika kutu ndiyo bora. Chungu kizito nacho kinafaa, kwa kuwa kinashika joto na hakitaki moto mwingi. Sufuria ya alumini inatumika majumbani kote, nayo haina neno kwa supu isiyo na uchachu. Lakini usiweke ndimu, ukwaju wala siki ndani yake ikae jikoni saa nyingi, kwa sababu asidi inakula alumini. Sufuria nzito za kusubu kutokana na vyuma chakavu ziepuke kabisa kwa mapishi marefu. Baadhi yake zina risasi inayotoka na kuingia kwenye chakula.

Panga kongoro juu na mifupa mikubwa chini. Ngozi ya kongoro ikigusa kitako cha sufuria hunata na kuungua, na ladha ya kuungua haiondoki. Mimina maji baridi yapite mifupa kwa vidole viwili. Baridi, si moto: maji yakipanda joto taratibu, uchafu uliobaki unajikusanya na kuelea juu kama povu unaloweza kuliengua. Ukianza na maji ya moto, unasambaa humo humo na supu inakuwa na vumbi.

Bandika, na kwa nusu saa ya mwanzo usiondoke. Engua povu kwa upawa kila linapojikusanya pembeni. Likiacha kutoka, punguza moto. Kwenye jiko la mkaa, toa nusu ya makaa, yaliyobaki yafunike kwa majivu, na funga mlango wa jiko uache upenyo wa kidole kimoja. Ongeza vipande vitatu au vinne vya mkaa pembeni kila baada ya dakika 45 hivi. Walio na gesi, iwe ya mtungi au ya bomba kama zile nyumba za Mtwara mjini zilizounganishiwa gesi asilia, watumie kichomeo kidogo kuliko vyote.

Moto sahihi utauona kwenye uso wa supu: kiputo kimoja kinapanda hapa, baada ya sekunde moja au mbili kingine pale. Supu isitokote kwa fujo. Ikitokota hivyo, mafuta yanapigwapigwa na kuchanganyika na maji, supu inakuwa nyeupe na nzito mdomoni. Haidhuru mtu, ila huwezi tena kuyaondoa mafuta hayo. Acha kifuniko wazi kidogo. Mifupa ikichungulia, ongeza maji ya moto kikombe kimoja kimoja.

Kongoro na mifupa ya ng'ombe vinahitaji saa 8 hadi 10. Mbuzi saa 5 au 6. Kuku wa kienyeji, pamoja na miguu yake, saa 3 hadi 4. Ukibandika ya ng'ombe saa 3 asubuhi utaepua kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku, na huo ndio mpango mzuri, kwa sababu unabaki na muda wa kuipooza kabla ya kulala. Kuibandika usiku kucha ndani ya nyumba kwa jiko la mkaa ni jambo la kukataa kabisa. Mkaa uliofunikwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Sufuria ya presha, ya umeme au ya kawaida, hupunguza muda mpaka saa 2 na nusu hadi 3 kwa ng'ombe, kwa sababu ndani joto hufika karibu nyuzi 120. Isijazwe kupita theluthi mbili, na iachwe ishuke presha yenyewe. Ukiifungua kwa haraka, supu inatokota ghafla na kuvurugika.

Kuna mapishi mengine ya mwambao, ya vichwa vya samaki kama changu au kolekole. Hayo ni dakika 30 hadi 40 tu. Toa matamvua na macho, osha damu yote iliyo kwenye uti, bandika kwa maji baridi. Ukizidisha muda, mifupa laini inamomonyoka na supu inakuwa na chokaa na uchungu.

Viungo

Kitunguu maji 1, karoti 1, kipande cha tangawizi cha kidole gumba na punje 10 za pilipili manga vinaingia saa moja na nusu ya mwisho. Kitunguu saumu dakika 30 za mwisho. Vikikaa saa 8 vinageuka uchungu na harufu ya vitu vilivyolala. Chumvi weka baada ya kuchuja, kijiko cha chai kwa lita moja, kisha onja. Ukiiweka mwanzoni, maji yanapungua na chumvi inabaki. Ndimu ikamuliwe bakulini, mbele ya mnywaji.

Huweka watu siki wakisema inavuta madini ya chokaa kutoka kwenye mfupa. Kijiko kimoja cha siki hakifanyi kazi kubwa hiyo. Supu ya mifupa ina chokaa kidogo sana. Dagaa wanaoliwa wazima wanaipita mbali. Na jelatini ni protini pungufu, haishiki nafasi ya mbaazi, kunde, samaki au yai kwenye sahani ya mtoto au mgonjwa. Supu inywewe kwa utamu wake, kwa maji yake, na kwa kumfungulia hamu ya kula aliyetoka kuugua. Mwenye jongo apunguze, na mwenye presha ya damu aangalie chumvi.

Kuchuja na kupooza

Supu ikiachwa kwenye sufuria kubwa jikoni usiku mzima, kwa joto la Lindi au Mtwara, itabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5 vijidudu vinazaliana, na vipo vinavyoacha mbegu zinazostahimili kuchemka. Baadhi hutoa sumu ambayo ukiipasha supu asubuhi haiondoki. Kwa hiyo "nitaichemsha tena kesho" si kinga.

Chuja mara tu unapoepua, kwanza kwa chujio, kisha kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa. Igawe kwenye sufuria tatu ndogo. Ziweke kwenye karai la maji yanayofika mabegani mwa sufuria, koroga kwa upawa safi, badilisha maji kila baada ya dakika 10. Barafu ya wauza samaki ni msaada mkubwa hapa, lakini ikae karaini, isiingie kwenye supu. Lengo ni supu ifike nyuzi 21 hivi, isibaki vuguvugu, ndani ya saa 2, kisha iingie kwenye friji na iwe baridi kabisa ndani ya saa 4 nyingine.

Kwenye friji inakaa siku 3 hadi 4. Utando wa mafuta usiubandue mpaka siku ya kutumia, unaikinga na harufu za humo. Kwenye friza inakaa miezi 3 bila kupoteza ladha. Tumia vyombo vya nusu lita, na usijaze mpaka juu kwa sababu ikiganda inatanuka. Umeme ukikatika, usifungue. Friji iliyofungwa hushika baridi saa 4 hivi, friza iliyojaa hadi saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Asiye na friji apike kiasi cha kumalizwa siku hiyo hiyo, na kinachosubiri chakula cha usiku kikae juu ya makaa kikitoa mvuke, kisiachwe kupoa.

Ikikataa kuganda

Mara nyingi maji yalizidi au kongoro halikuwepo. Irudishe jikoni bila kifuniko, ipungue kwa theluthi moja, au iongezee kongoro jingine na saa 5. Sababu nyingine ni kuichemsha kwa nguvu saa nyingi mno, jelatini ikakatikakatika. Hiyo haitengenezeki, ila kwa mchuzi bado ni tamu. Ikinuka kama zizi, kwato au povu havikutolewa vizuri. Tangawizi huficha kidogo, haiponyi.

Mafuta uliyoyabandua yakaangie kitunguu. Supu yenyewe pikia mbaazi kavu zilizolowekwa usiku, kikombe kimoja cha mbaazi kwa vikombe vitatu vya supu isiyo na chumvi, maana supu ikipungua jikoni chumvi inabaki. Au inywe asubuhi kwa chapati, kwa muhogo au kwa ming'oko (viazi vya porini vya huku kusini) ya kuchemsha. Nyama ya kongoro iliyobaki ikate vipande uirudishe bakulini. Mifupa usimpe mbwa, kwa kuwa ukishapikwa mfupa unavunjika vigae vinavyochoma utumbo. Ichome mpaka iwe myeupe, itwange, majivu yake yatie kwenye tuta la mchicha.