Gawa majimbo kwa punje 15 za maharage

Somo hili huwa nalifundisha Kasulu, mkoani Kigoma, chini ya mwembe, kwa maharage na kamba ya katani. Lifanye kwa mikono yako kabla hujafungua ramani ya majimbo ya uchaguzi.

Hatua ya 1. Tandika mkeka. Panga safu tatu za punje tano tano. Kila safu, nyekundu tatu kushoto, nyeupe mbili kulia. Hao ni wapiga kura: wekundu 9, weupe 6.

Hatua ya 2. Zungushia kamba kila safu iwe jimbo. Wekundu wanashinda tatu kwa mbili kote, wanabeba viti vyote 3. Weupe hawana mbunge hata mmoja.

Hatua ya 3. Usiguse punje, hamisha kamba tu. Jimbo la kwanza lichukue nyekundu tatu za ukingo wa kushoto na mbili za jirani zake, za safu ya juu na ya kati. Wekundu watano wamerundikwa pamoja. Zimebaki nyekundu 4 na nyeupe 6. Pindisha kamba uzigawe mafungu mawili, kila fungu nyekundu 2, nyeupe 3. Weupe walewale sita sasa wana viti 2! Hapa watu hunyamaza, wengine huomba kamba wajaribu wenyewe. Wape. Kurundika na kutawanya: ukizishika hizo mbili, ramani yoyote utaisoma.

Hatua ya 4. Njoo nyumbani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma; kwa majimbo 8, ni kama 309,000 kwa kila mbunge. Ibara ya 75 ya Katiba ya Tanzania inaitaka Tume ya Uchaguzi, inayogawa majimbo, itazame pia mawasiliano na jiografia. Mwaka 2025 kigezo cha kugawa jimbo kilikuwa watu 600,000 mjini, 400,000 vijijini. Nchi ikapata majimbo mapya 8, Kigoma hakuna.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu wamo?" Swali zito. Sensa humhesabu aliyelala nchini usiku ule, raia au mgeni. Kura ni ya raia. Basi omba takwimu mbili: ya watu, na ya walioandikishwa kupiga kura.

Hatua ya 5. Ombi la kugawa jimbo huanzia halmashauri, hupita kamati za ushauri za wilaya na mkoa, ndipo lifike Tume. Liandike kata kwa kata. Umbali uandike kwa saa, na useme ni kiangazi au masika. Mtu wa Kalya, kata ya mbali wilayani Uvinza, atakuelewa mara moja.