Jinsi ya kupima pengo la chakula la taifa na kuliziba mapema

Anza hesabu mazao yakiwa bado shambani, wiki 4 hadi 6 kabla ya mavuno. Ukisubiri bei ipande sokoni, umeshachelewa.

Chukua mfano wa nchi ya watu milioni 20, kila mmoja akila kilo 100 za nafaka kwa mwaka: tani 2,000,000. Ongeza mbegu (hekta milioni 1 za mahindi, kilo 25 kwa hekta, ni tani 25,000) na chakula cha mifugo, tuseme tani 175,000. Mahitaji ni tani 2,200,000. Mavuno yakiwa tani 2,000,000, toa asilimia 15 inayopotea kwenye kupukuchua, kusafirisha na kuliwa na wadudu, zinabaki 1,700,000. Jumlisha akiba ya tani 200,000. Pengo ni tani 300,000, yaani mahitaji ya siku 50 hivi.

Hesabu hii huharibikia zaidi kwenye mihogo na viazi, kwa kuwa viko ardhini na hakuna anayevipima. Muhogo mbichi wenye maganda, karibu kilo 3 ndizo hufikia nguvu ya kilo 1 ya nafaka. Malawi, 2001 hadi 2002, makadirio ya mazao ya mizizi yalizidi hali halisi huku akiba ya mahindi ikiwa imeshauzwa. Mahindi ya kuagiza yakachelewa, na watu wakafa.

Ukiziba pengo kwa nafaka ya kuagiza nje, kutoka zabuni hadi gunia kufika kijijini, hesabu miezi 3 hadi 4. Meli moja ya tani 30,000 ni malori 1,000 ya tani 30. Bandari ikipakia malori 50 kwa siku, ni siku 20 kabla lori la mwisho halijatoka. Kama kuna ushuru wa nafaka inayoagizwa, uondoe mapema na utangaze tarehe ya kuurudisha. Tena, serikali isitangaze kwamba itauza nafaka ya bei nafuu kisha isiilete: wafanyabiashara huogopa hasara, wanaacha kuagiza, na pengo linabaki pale pale.

Bei elekezi, yaani inayopangwa na serikali, ikiwa chini ya gharama huwafanya wauzaji wafiche bidhaa. Kufunga mipaka nako huhamishia tatizo kwa jirani: 2007 hadi 2008 India na Vietnam zilizuia mchele kutoka, na bei ya dunia ikapanda zaidi ya maradufu kwa miezi michache.

Akiba yenyewe ipokewe ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hakuna kipimo? Tia nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15; rudisha mzigo ukaanikwe, la sivyo utazaa sumukuvu. Magunia yakae juu ya chaga, mita 1 kutoka ukutani, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka.

Wakati wa kuifungua akiba, uza kwa mafungu madogo kwa wasagaji wengi, asije mmoja akahodhi. Asiye na pesa hasaidiwi na bei nafuu: soko likiwa na chakula mpe fedha taslimu, likiwa tupu mpe nafaka.