SOMO: Kuogelea na miwani kutoka ufukweni Bonaire, na kwa nini mkuki uuache nyumbani

Ndugu wanakikundi, salamu. Kila likizo ikikaribia napata ujumbe uleule: "Kaka, nimekata tiketi ya Bonaire, niingilie wapi majini, nibebe nini, mkuki unaruhusiwa?" Nimeshajibu hadi nimechoka, na nikichoka naacha mambo ya maana. Kwa hiyo naandika mara moja, kwa ukamilifu. Atakayeniuliza tena faraghani nitamtumia somo hili.

Kwa asiyeijua, Bonaire ni kisiwa kidogo cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi, jirani wa Curaçao, kaskazini ya Venezuela. Sisi tulioko Uholanzi tunakifikia kwa ndege moja kutoka Amsterdam. Sifa yake ni kwamba mwamba wa matumbawe umekaribia nchi kavu mno. Huhitaji boti: unashuka kwenye gari, unapiga mapezi dakika chache, uko juu ya matumbawe. Bahari yote inayokizunguka, kutoka alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60, ni hifadhi tangu 1979. Nimekwenda mara nne. Nimezaliwa Tanga na kuogelea nimejifunza kabla ya kusoma, lakini kuna jambo moja la bahari ile sikulijua, na karibu linigharimu maisha. Ni hatua ya 5. Hata ukiruka mengine yote, hiyo isome.

1. Lipa kabla ya kusafiri. Kodi ya kuingia kisiwani dola 75, ada ya hifadhi dola 40 kwa mwaka, zote mtandaoni. Sarafu ya kule ni dola ya Marekani, si yuro.

2. Vifaa: miwani, mrija wa kupumulia, mapezi ya kuvaa miguuni, viatu. Miwani ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikishika, inakufaa. Viatu viwe na soli ngumu, maana ufuo mwingi kule ni vifusi vya matumbawe mafu na mwamba wenye makali. Usiutegemee mchanga kama wa Pangani. Glavu zimekatazwa hifadhini. Mafuta ya jua yenye oksibenzoni au oktinoksati yamepigwa marufuku tangu 2021. Vaa fulana ya mikono mirefu, mgongo ndio unaoungua.

3. Mahali. Kaa pwani ya magharibi. Kando ya barabara utaona mawe yaliyopakwa rangi ya njano yenye majina ya vituo vya kuingilia majini. Mgeni aanzie Te Amo, kuna mchanga wa kuingilia. 1000 Steps ni pazuri sana, na ngazi zake hazifiki hata 100, jina lisikutishe. Gati la chumvi, Salt Pier, lina samaki wengi chini ya nguzo zake, ila meli ikiwa imefunga, usikaribie. Pwani ya mashariki ina mawimbi ya bahari kuu. Usiingie, isipokuwa ndani ya ghuba ya Lac iliyokingwa.

4. Gari. Usiache kitu ndani. Wenyeji wenyewe huacha vioo wazi ili mwizi aone hakuna cha kuvunjia.

5. UPEPO. Hapa tulieni.

Mtu wa pwani yetu akifika ufukweni huuliza maji: yanajaa au yanakupwa, ni bamvua au maji mafu? Nami niliuliza hivyohivyo. Bonaire swali hilo halina uzito, kwa sababu tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita. Kinachotawala ni upepo wa mashariki, unaovuma karibu mwaka mzima, mchana na usiku. Sasa fikiria: wewe uko upande wa magharibi, upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Kwetu tunaujua upepo wa namna hiyo, umande, unaowatoa wavuvi alfajiri. Lakini baadaye hugeuka, upepo wa bahari ukawarudisha. Bonaire ni kama umande usiokoma, na wa kukurudisha haupo.

Ubaya wake ni kwamba maji ya ufukweni yanaonekana kama ya kisimani. Upepo unaanza kuyakuna ukishatoka mbali, na wewe uso uko chini, huoni.

Mwaka 2019 niliingia kusini ya Kralendijk, mji mkuu wa kisiwa. Kule ardhi ni tambarare, mabwawa ya chumvi tu, hakuna kilima cha kuukinga upepo. Nilimwona kasa, nikamfuata. Akapita ukingo ambapo mwamba unaporomoka, maji yakawa bluu tupu chini yangu, nikaendelea. Nilipoinua kichwa gari lilikuwa doa, na mawimbi madogo yenye povu yalikuwa yananipiga kisogoni. Nikageuka na kuanza kushindana, moja kwa moja kuelekea gari. Robo saa nikawa palepale. Mapezi ya kukodi yalikuwa makubwa, moja likachomoka. Hapo hofu ikanishika, pumzi ikawa fupi, nikanywa maji kwa mrija.

Kilichoniokoa ni kuliacha gari. Nililala chali nikapumua hadi moyo ukatulia, kisha nikaelekea nchi kavu iliyokuwa karibu zaidi, kwa mshazari, nikiuacha mkondo unisogeze pembeni. Kadiri nilivyokaribia, upepo ulipungua. Nilitokea mbali sana na nilipoingilia, nyayo zikachanika kwa sababu sikuwa na viatu. Nilikaa juu ya mawe nikitetemeka, mchana wa jua kali.

Kwa hiyo, bila mjadala:

Usivuke ukingo wa mwamba kwa miwani na mrija. Samaki wengi wako upande huu wake, kwenye maji ya mita 2 hadi 10.

Kabla hujalowa, angalia boya. Kutia nanga kumekatazwa, kwa hiyo karibu kila kituo kina boya la kufungia boti. Tazama kamba yake imelalia wapi. Huko ndiko mkondo unakokwenda. Wewe anza kwa kwenda KINYUME chake, ukiwa na nguvu, na kurudi ubebwe.

Inua kichwa kila dakika mbili tatu, tafuta jiwe lako la njano.

Vuta boya dogo lenye rangi kali, na filimbi shingoni.

Siku upepo ukigeuka na kutoka magharibi, hutokea, usiingie kabisa. Mawimbi yatakusugua kwenye mwamba.

6. Mapezi yavae ukiwa ndani ya maji ya kiunoni, si ufukweni. Tembea kwa kuburuza nyayo.

7. Kupiga mbizi: wawili wawili, mmoja chini, mmoja juu anatazama. Usivute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama ili ukae zaidi. Pumzi hizo zinatoa kaboni dioksidi, na hiyo ndiyo inayokupigia kengele ya kuibuka. Kengele ikizimwa, unazimia ukiwa unajiona mzima, mara nyingi karibu na uso wa maji.

8. Usiguse wala kusimama juu ya matumbawe. Tangu 2023 kuna ugonjwa unaoyala, yanabaki mifupa myeupe. Watu wa hifadhi wakikwambia usafishe vifaa kwa dawa kabla ya kubadilisha kituo, safisha.

Mkuki: HAPANA. Uvuvi wa mkuki umekatazwa Bonaire tangu 1971, kabla ya hifadhi yenyewe. Kinachoruhusiwa ni kumwinda samaki-simba, mwenye mistari myekundu na mapezi kama manyoya, kwa kifaa maalumu, kwa waliopewa mafunzo na kibali. Mtalii wa wiki moja mwenye bunduki yake ya mkuki hayumo.

MASWALI

Kisauni_Boy: Mkuu, asante. Mimi nina bunduki ya mkuki fupi tu, naweza kuiweka kwenye begi?

Jibu: Soma aya ya mwisho.

Kisauni_Boy: Nimesoma, lakini niliona video watu wanachoma samaki kule.

Jibu: Uliona watu wenye kibali wanaua samaki-simba, au uliona kisiwa kingine. Kila kisiwa cha Karibi kina sheria yake. Bahamas, kwa mfano, inaruhusu mkuki wa kuvutwa kwa mpira na mkono, bunduki hairuhusu. Na hata kwenu Kenya bunduki ya mkuki ilipigwa marufuku 2001. Iache nyumbani.

BintiMwanza: Shikamoo kaka. Mimi ni wa ziwani, bahari sijaizoea. Huyo samaki-simba anauawa kwa kosa gani? Si kiumbe kama wengine?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kwetu Tanga yupo na hana shida na mtu. Huko Atlantiki alionekana mara ya kwanza Florida mwaka 1985, na Bonaire alifika 2009. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo milioni mbili kwa mwaka. Samaki wadogo wa kule hawamjui kama adui, hawamkimbii, anawameza tu. Kati ya hao wadogo wako wanaokula mwani, na wakiisha, mwani unaota juu ya matumbawe. Matumbawe ya kule yalikuwa na mwokozi mwingine, fuma, mnyama wa mviringo wa chini ya bahari mwenye miiba mirefu myeusi, aliyekuwa akila mwani, lakini mwaka 1983 na 1984 ugonjwa uliwamaliza karibu wote katika Karibi nzima. Ndiyo maana pono, samaki anayekula mwani, naye analindwa Bonaire. Bila walaji mwani, mwamba unasongwa. Ukimwona samaki-simba, usimguse, ana miiba 18 yenye sumu. Waambie watu wa hifadhi ulipomwona.

Mzee wa Utrecht: Na akikuchoma?

Jibu: Toka majini, tia sehemu ile kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, halafu hospitali. Sumu yake inaharibiwa na joto.

Mwana wa Chake: Kuhusu fuma naongeza. Kwetu Pemba ukikanyaga tunapaka utomvu wa papai bichi, miiba inalainika. Usiichimbe kwa sindano, inakatikia ndani.

Jibu: Naam, hata Tanga tunafanya hivyo. Bonaire mimi nilitumia siki. Kutochimba ndilo la msingi.

Jembe_Almere: Sasa kama upepo unakupeleka nje, si mnatisha watu bure? Mbona watalii wanaogelea kila siku na wanarudi.

Jibu: Wanarudi kwa sababu hawavuki ukingo. Mimi nilivuka. Sijamtisha mtu, nimeeleza nilichokiona nikiwa na pezi moja.

Jembe_Almere: Mimi naogelea vizuri lakini.

Jibu: Nami pia.

MamaZuhura: Nina watoto wa miaka 9 na 12. Klein Bonaire vipi?

Jibu: Dada, Klein Bonaire ni kisiwa kisicho na watu, kiko mbele ya Kralendijk chini ya kilomita moja. Nendeni kwa boti ya abiria, msijaribu kuvuka kwa kuogelea. Watu hushushwa, wakabebwa na mkondo kandokando ya mwamba hadi ufuo wa No Name, na kule boti huwachukua. Ni raha kwa watoto kwa sababu hawapigi mapezi sana, ila wavae jaketi la kuelea, na wewe uwe upande wa bahari kuu, wao upande wa nchi kavu. Beba maji na kivuli. Kule duka hakuna.

Mwanamaji_Muscat: Miwani yangu mpya inafanya ukungu hata nikiitemea mate.

Jibu: Mpya zina mafuta ya kiwandani kwenye kioo. Sugua ndani kwa dawa ya meno nyeupe, mara mbili tatu, suuza. Baada ya hapo mate yatatosha. Na kama una ndevu, paka mafuta ya mgando chini ya pua, maji hayataingia.

BintiMwanza: Samahani kwa maswali. Usiku inawezekana kuingia?

Jibu: Usiombe samahani. Inawezekana, na kuna jambo moja lifanye. Siku ya pili hadi ya tano baada ya mwezi mpevu, baada ya jua kutua na kabla mwezi haujapanda, kuna viduduvidudu vya majini ambavyo madume yake hutoa mwanga kuwaita majike. Nilikuwa kwenye maji ya kifuani, nikashikilia ngazi, tochi nimeizima, uso majini. Mwanzoni giza. Kisha kwa mbali nukta moja ya buluu, juu yake nyingine, na nyingine, kama mtu anatunga shanga kwenye uzi usioonekana. Baada ya dakika chache zilikuwa pande zote. Ingia mchana kwanza mahali hapohapo ili upajue, usiende peke yako, na tochi iwe mkononi hata ikiwa imezimwa. Upepo huo huo upo usiku.