Posti ambayo mteja ataisoma: mfano wa muuza zabibu wa Dodoma

Anayeperuzi simu ndani ya daladala hana muda na wewe. Instagram humwonyesha takriban herufi 125 za mwanzo za kapsheni. Zilizobaki hufichwa mpaka aguse "zaidi". Ukianza na "Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu, tunatumaini mmeamka salama", zaidi ya nusu ya nafasi hiyo imekwisha na hujasema kitu.

Anza na jambo lenyewe: "Zabibu nyekundu zimevunwa leo Mpunguzi. Kilo sh. 3,000. Tupo Soko la Majengo hadi saa 12 jioni." Bei usiifiche. "Bei njoo inbox" humfanya mtu ahisi anapimwa mfuko kwanza, na wengi hupita tu.

Ila ukiuza kila siku, watu watakuzima. Posti tatu kwa wiki zinatosha: moja ya kuuza, mbili za kumfaa hata asiyenunua. Mada utazipata kwenye maswali ya wateja. Wakiwa mezani kwako huuliza, "Huu unga mweupe ni dawa?" Hapo umepata posti nzima. Eleza kwamba unga huo ni nta ambayo zabibu hujitengenezea, inayolizuia tunda lisipoteze maji, na kwamba hata hivyo zioshwe kwa sababu huenda shamba lilipigwa dawa. Ziosheni wakati wa kula, si kabla ya kuzihifadhi, maana unyevu huleta ukungu. Picha iwe ya karibu: kidole kinafuta nta, ngozi ya tunda inang'aa. Sentensi nne na picha moja. Posti ya namna hii ndiyo mtu humtumia dada yake.

Piga picha kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Jua letu la mchana huua rangi. Picha ya shamba la Ulaya uliyookota mtandaoni usiiguse kabisa. Mteja akifika akakuta kitu kingine, hatakuamini tena.

Kiungo ndani ya kapsheni ya Instagram hakibonyezeki, kiweke kwenye wasifu. Bei ya leo iende pia status ya WhatsApp, kwa kuwa hutoweka baada ya saa 24 na haitamdanganya mtu wiki ijayo.

Swali la mahali au bei likiulizwa mara mbili, hariri kapsheni yenyewe. Usijibu kwenye komenti tu, kwani anayefika jioni hazisomi zote.