Farasi akitupa mimba: funga banda kwanza, maswali baadaye

Kwenye banda lolote ninaloitwa, iwe Jinja au viungani mwa Kampala, naanza kwa kuangalia kama majike wenye mimba wanashiriki hori na wadogo wanaokohoa. Kikohozi cha wadogo na mimba iliyotoka vinaweza kuwa na chanzo kimoja: virusi vya herpesi vya farasi, kwa kifupi EHV.

Hatua ya 1: Zijue aina mbili
Virusi vya herpesi vinavyosumbua zaidi ni EHV-1 na EHV-4. Aina ya 4 kwa kawaida haivuki njia ya hewa: homa, makamasi, kikohozi, basi. Aina ya 1 nayo huanzia puani, ila hushuka kwenye tezi, ikaingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kubebwa hadi mishipa midogo ya mji wa mimba. Mishipa huvimba, damu huganda humo, kondo hubanduka na mtoto hukosa hewa. Mara nyingi ni kati ya mwezi wa 7 na wa 11, pengine wiki kadhaa baada ya mafua kusahaulika. Aina hiyohiyo huweza kushambulia uti wa mgongo, farasi akayumba miguu ya nyuma.

Hatua ya 2: Pima joto asubuhi na jioni
Ikipita nyuzi 38.5, mtenge. Usikisie ugonjwa: hapa Uganda homa inaweza pia kuwa tauni ya farasi iletwayo na usubi, au nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o. Daktari achukue sampuli ya pua na ya damu.

Hatua ya 3: Mimba ikitoka
Hapa ndipo banda zima huponea au huangamia. Jike mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Unakuta tu mtoto kwenye majani, bado mbichi, pengine angali ndani ya kondo. Chukulia kuwa ni EHV-1 mpaka maabara ikanushe.

Usimhamishe jike aende kwa wenzake. Vaa glavu, wewe huambukizwi, lakini mikono yako itabeba virusi hadi pua ya farasi mwingine. Tia mtoto na kondo lote kwenye mifuko miwili isiyovuja, weka penye baridi, usigandishe. Mbwa na kaloli, wale ndege wakubwa wala mizoga, wasiguse. Piga simu Chuo Kikuu cha Makerere au maabara ya mifugo ya Entebbe, uulize kwanza kipimo kinapatikana wapi. Daktari akipasua, akakuta maji ya manjano kifuani na vidoa vyeupe kwenye ini, shaka inazidi.

Majani yachomwe. Sakafu ioshwe kwa sabuni kabla ya klorini, maana klorini juu ya samadi haifanyi kazi. Anayemhudumia jike huyu asiwaguse wengine siku hiyo. Kama ni mtu mmoja tu, amhudumie mwisho.

Hatua ya 4: Kufungua
Farasi asitoke wala kuingia hadi siku 28 zipite tangu mimba ya mwisho kutoka. Mgeni atengwe siku 21 hata akionekana mzima, kwa kuwa aliyepona hubaki na virusi vimelala mwilini, na safari ya lori yatosha kuviamsha.

Chanjo hutolewa mwezi wa 5, wa 7 na wa 9 wa mimba. Haizuii kila mimba kutoka, kwa hiyo hata waliochanjwa watengwe na wanaokohoa.